Kweli, Si Kweli au Haikutajwa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mtihani wa Kusoma wa IELTS

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS watuandikie kuhusu sehemu ya kusoma. Barua nyingi zilihusu aina moja tu ya swali, lile ambalo mtahiniwa hupewa kauli kadhaa na kutakiwa aseme kama kila kauli inakubaliana na kifungu, yaani TRUE, au inapingana nacho, yaani FALSE, au kifungu hakina habari hiyo, yaani NOT GIVEN. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha kama walivyotuomba.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Eldoret. Mimi ni muuguzi, nimefanya mtihani wa Academic, yaani ule wa wanaotaka kusoma chuo au kusajiliwa kitaaluma, nikapata 6.5 kati ya 9 katika kusoma, ilhali Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza linataka 7. Nikijipima nyumbani, karibu makosa yangu yote yako kwenye maswali ya TRUE, FALSE na NOT GIVEN. TRUE haininyimi usingizi. Kinachonishinda ni kutofautisha FALSE na NOT GIVEN, kwa sababu kila mara naona kwamba jambo ambalo kifungu hakikulisema ni jambo lisilo kweli. – Muuguzi, Eldoret

JIBU: Dada, alama zinazokutenga na 7 ni chache kuliko unavyodhani. Kwa wastani unaotangazwa na waandaaji wenyewe, 7 katika Academic hupatikana kwa majibu sahihi yapatayo 30 kati ya 40, kwa hiyo ukirekebisha maswali matatu au manne ya aina hii unaweza kuvuka bila kugusa sehemu nyingine ya mtihani.

Sentensi yako ya mwisho ndiyo inayoeleza tatizo lenyewe. Tangu darasa la kwanza tumezoea mazoezi ya "andika KWELI au SI KWELI", ambamo kuna masanduku mawili tu, na kila kisichoingia katika la kwanza hutupwa katika la pili. IELTS ina masanduku matatu. FALSE haiwi jibu kwa sababu kifungu kimenyamaza. Huwa jibu pale ambapo kifungu kimesema jambo lingine ambalo haliwezi kukaa pamoja na kauli uliyopewa. Ukimya wa kifungu ni NOT GIVEN, hata kama kauli yenyewe inaonekana ya ajabu au ya uongo mtupu.

Kwa hiyo jiulize maswali mawili, kwa mpangilio huu. Je, kifungu kinanilazimisha kuikubali kauli hii? Kama ndiyo, jibu ni TRUE na kazi imekwisha. Kama sivyo, je, kifungu na kauli hii vinaweza vyote viwili kuwa kweli kwa wakati mmoja? Kama haviwezi, ni FALSE. Kama vinaweza, ni NOT GIVEN.

Tujaribu kwa kifungu kifupi, ambacho nimekiandika kwa Kiswahili makusudi ili ugumu wa Kiingereza usitufiche kasoro ya hoja:

"Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na vilivyofika vikiwa hai katika pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani vilikuwa 62 tu. Vilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka huko zao hilo likasambaa katika mashamba makubwa ya Tanga."

Kauli ya kwanza: Sehemu kubwa ya vichipukizi alivyoagiza Hindorf haikunusurika safari. Kifungu hakina maneno "sehemu kubwa" wala "haikunusurika", lakini kina 1,000 na kina 62, na hesabu inakulazimisha. TRUE.

Kauli ya pili: Hindorf aliagiza vichipukizi hivyo kutoka Meksiko. Kifungu kinasema Florida. Mzigo huo huo hauwezi kuwa umeagizwa Florida na pia umeagizwa Meksiko, kwa hiyo kauli na kifungu vinagongana. FALSE. Zingatia kwamba kifungu hakikuandika popote "hakuagiza kutoka Meksiko". Watahiniwa wengi husubiri kuona kanusho la wazi namna hiyo ndipo wachague FALSE, na wasipoliona hukimbilia NOT GIVEN. Mgongano hauhitaji neno la kukanusha. Unahitaji tu habari nyingine inayokalia nafasi ile ile.

Kauli ya tatu: Asili ya mmea wa mkonge ni Meksiko. Hapa wengi huandika FALSE, kwa sababu wameona Florida na macho yao yametosheka. Lakini mahali mzigo ulipoagizwa na mahali mmea ulipoanzia duniani ni mambo mawili. Mmea unaweza kuwa na asili ya Meksiko na miche yake ikauzwa Florida. Kifungu na kauli vinakaa pamoja bila ugomvi, na hakuna sentensi inayokulazimisha kukubali. NOT GIVEN.

Kauli ya nne: Vichipukizi vingi vilikufa kwa sababu ya urefu wa safari. Kifungu kinaonyesha kwamba vingi vilikufa, kinataja safari, na hata kinasema safari ilikuwa ndefu, ila hakitaji kilichoviua. Inawezekana ni maji, inawezekana ni baridi, inawezekana ni kuoza katika vifurushi. NOT GIVEN. Nakuomba uitazame kauli hii kwa muda mrefu kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na zile zinazokuangusha: nomino zake karibu zote zimo kifunguni, na kinachokosekana ni uhusiano kati ya nomino hizo. Mtungaji wa mtihani akitaka NOT GIVEN nzuri hafanyi kazi ya kuleta mada ngeni, bali huchukua mambo mawili yaliyotajwa na kuyafunga kwa kamba ambayo mwandishi wa kifungu hakuifunga, iwe ni sababu, ulinganisho, nia au mfuatano wa wakati.

Kauli ya tano: Hindorf ndiye mtu wa kwanza kuingiza mkonge barani Afrika. Kwa haraka utasema TRUE, kwa kuwa simulizi yote inanukia mwanzo. Rudi kifunguni utafute neno linalosema "wa kwanza". Halipo, wala hakuna lolote kuhusu sehemu nyingine za bara hili. NOT GIVEN.

SWALI: Nimekulia Korogwe, baba yangu amefanya kazi katika mashamba ya mkonge maisha yake yote. Hivi kweli kauli ambayo kila mtu anajua ni ya kweli inaweza kuandikiwa NOT GIVEN? Naona kama ninaadhibiwa kwa kuwa na elimu. – Mhitimu, Korogwe

JIBU: Ndiyo, inaweza, na kwa kijana wa Korogwe kauli ya tatu hapo juu ni mtego kamili. Mkonge kweli asili yake ni Meksiko. Jambo hilo limo katika vitabu na wewe huenda ulilisikia ukiwa mdogo. Lakini maelekezo ya swali hayakuulizi kama kauli ni kweli duniani. Yanakuuliza kama inakubaliana na habari iliyomo kifunguni. Jifanye hakimu ambaye mbele yake amesimama shahidi mmoja tu, na shahidi huyo ni kifungu. Uliyoyasikia barazani kabla ya kuingia mahakamani hayaingii katika hukumu, hata yakiwa ya kweli.

Kuhusu kuadhibiwa, nakuelewa, ila waandaaji wana sababu yao. Mtihani huu hufanywa na mfamasia wa Nairobi, mvuvi wa Ufilipino na mwanafunzi wa sheria wa Brazili katika siku moja, na kama maarifa ya nje yangehesabiwa, swali la mkonge lingepima mahali ulipozaliwa badala ya kupima uwezo wako wa kusoma. Ushauri wa vitendo ni huu: unapokutana na kifungu kuhusu jambo unalolijua vizuri, punguza mwendo. Huko ndiko watu hodari hupoteza alama.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tatizo langu ni muda. Nikifika kwenye kauli ambayo jibu lake ni NOT GIVEN, ninasoma kifungu kizima tena na tena nikitafuta kitu ambacho hakipo, na kifungu cha tatu ninakimaliza kwa kubahatisha. – Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dakika ni 60, vifungu katika Academic ni vitatu, maswali ni 40, na tofauti na mtihani wa kusikiliza wa karatasi, hapa hupewi dakika za ziada za kuhamishia majibu kwenye karatasi ya majibu. Anayesoma kifungu mara nne kwa ajili ya kauli moja ameshalipa gharama ya maswali matatu ya mbele.

Kuna jambo moja la mpangilio litakalokuokoa. Katika aina hii ya swali, kauli hufuata mfuatano wa habari kifunguni: ya pili huja baada ya ya kwanza, ya tatu baada ya ya pili. Kauli yenye jibu la NOT GIVEN inaweza isiwe na mahali pake hasa, lakini majirani zake wana mahali pao. Kwa hiyo anza na kauli zenye jina la mtu, mwaka au tarakimu, kwa sababu hizo macho huzikamata upesi, na uweke alama pembeni mwa aya ulizozipata. Tuseme kauli ya nne umeipata katika aya ya tatu, na ya sita umeipata katika aya ya tano. Basi ya tano, kama ipo, iko katikati ya hapo. Soma kipande hicho peke yake, mara moja, polepole, kwa kidole ikibidi. Ukiona mada imeguswa lakini dai lenyewe halikutolewa, andika NOT GIVEN na uendelee. Usirudi aya ya kwanza.

Nasisitiza "mara moja" kwa sababu ambayo si ya muda tu. Mtu anayetafuta kitu kisichokuwepo kwa muda mrefu huanza kukiona. Akipita mara ya pili hukuta neno linalofanana, mara ya tatu hujenga daraja kati ya neno hilo na kauli, na mara ya nne hujishawishi kwamba mwandishi "alimaanisha" hivyo. Ukijikuta unaanza kuwaza "mwandishi alikuwa na maana kwamba…", hiyo ni dalili tosha kwamba hakusema.

SWALI: Kitabu changu cha mazoezi kina sehemu za TRUE, FALSE, NOT GIVEN na sehemu nyingine za YES, NO, NOT GIVEN. Rafiki zangu wananiambia ni kitu kile kile. Je, ni kweli? – Msomaji, Voi

JIBU: Hoja ya msingi ni ile ile, lakini kinachopimwa ni tofauti. TRUE na FALSE huulizwa juu ya habari: nini kilitokea, lini, wapi, kwa kiasi gani. YES na NO huulizwa juu ya maoni au madai ya mwandishi wa kifungu. Kwa kuwa unaandika kutoka Voi, tutumie simba wa Tsavo:

"John Henry Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Tsavo na kuwaua simba wawili wala watu mnamo Desemba 1898, baadaye alidai kwamba simba hao waliua watu 135. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ambao ulipima nywele na mifupa ya simba hao iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Field mjini Chicago, ulikadiria kuwa walikula watu wapatao 35. Inasikitisha kwamba idadi ya Patterson ilirudiwa kwa miongo mingi kana kwamba ilikuwa imethibitishwa."

Sentensi mbili za kwanza zinatoa habari, na zinafaa kwa TRUE na FALSE. Kauli ikisema kwamba Patterson alitaja idadi kubwa kuliko makadirio ya mwaka 2009, ni TRUE. Ikisema kwamba watafiti walifanya vipimo vyao kwa kutumia mabaki ya watu walioliwa, ni FALSE, maana kifungu kinasema walipima simba. Sentensi ya tatu ni ya aina nyingine. "Inasikitisha" ni sauti ya mwandishi, na hapo ndipo YES na NO huzaliwa. Kauli kwamba mwandishi anaona haikuwa sawa kuichukulia idadi ya Patterson kama jambo lililothibitishwa ni YES. Kauli kwamba mwandishi anaamini Patterson alidanganya kwa makusudi ni NOT GIVEN, kwa sababu mtu anaweza kusikitika kwamba idadi ilirudiwa bila kuwa na maoni yoyote juu ya nia ya aliyeitaja kwanza.

Tazama pia neno "alidai". Mwandishi anapoweka habari mdomoni mwa mtu mwingine, hajaichukua kuwa yake. Kauli ikisema "Patterson alisema simba waliua watu 135", ni TRUE kwa kuwa inazungumzia alichosema Patterson. Ikisema "Mwandishi anakubaliana na idadi ya Patterson", unasoma upya na kukuta kinyume chake. Watahiniwa hupoteza alama nyingi hapa kwa kutotenganisha anayeandika na anayenukuliwa.

Halafu jambo dogo: andika maneno uliyoombwa kuandika. Kama maelekezo yanasema YES, usiandike TRUE.

SWALI: Mwalimu wangu wa tuisheni alitufundisha kwamba kauli yenye neno "all", "only" au "always" jibu lake ni FALSE. Nimeitumia kanuni hiyo na wakati mwingine inakubali, wakati mwingine inagoma. Naomba ufafanuzi. – Mfanyakazi wa hoteli, Zanzibar

JIBU: Kanuni hiyo inauzwa sana mijini, na ingekuwa heri isingekuwepo. Ina chembe ya ukweli, nayo ni kwamba maneno ya kiasi ndiyo mara nyingi huamua jibu. Lakini neno halina jibu lake la kuzaliwa nalo. Lazima lipimwe na neno lililoko upande wa kifungu. Rudi kwenye mkonge wetu. Kauli isemayo kwamba ni sehemu ndogo tu ya vichipukizi iliyofika ikiwa hai ina ule "only" wa mwalimu wako, na jibu lake ni TRUE bila ubishi.

Sasa tuchukue sentensi ya Kiingereza kuhusu reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896: "The line was built largely by labourers recruited in India." Kauli "All the labourers on the line came from India" ni FALSE, kwa kuwa "largely" inaacha nafasi ya wengine na "all" inaifunga. Kauli "Most of the work was done by labourers from India" ni TRUE. Kauli "Indian labourers were better paid than African labourers" ni NOT GIVEN, na hapa usidanganywe na ujuzi wako wa historia ya ukoloni. Utaona kwamba "all" imekupa FALSE kwa sababu ya "largely", si kwa sababu ya asili yake. Kama kifungu kingekuwa na "entirely", kauli ile ile ingekuwa TRUE.

Wenye mantiki wataniambia kwamba "some" kwa ukali wa hoja haikatazi "all". Katika chumba cha mtihani, sahau ubishi huo: kifungu kikisema "some" na kauli ikasema "all", jibu linalotarajiwa ni FALSE.

Kuna maneno mengine ambayo kwetu huponyoka kwa urahisi zaidi kuliko "all" na "only", na ningependa mwalimu wako angetumia muda wake huko. La kwanza ni "few" na "a few", ambayo sote huyatafsiri "wachache" na kuendelea na safari. "Few of the engineers had worked in Africa before" inasisitiza upungufu: karibu wote walikuwa wageni. Kauli kwamba wengi wao hawakuwa na uzoefu wa Afrika itakuwa TRUE. "A few of the engineers had worked in Africa before" inasema tu kwamba wapo waliowahi, na haikuhakikishii lolote kuhusu waliobaki. Herufi moja imebadili jibu.

La pili ni maneno yanayokanusha bila kuvaa "not": "hardly", "failed to", "unlike", "rather than". Anayesoma mbio sentensi "The rain hardly affected the work" huona mvua, huona kazi, huona "affected", na huandika TRUE kwa kauli kwamba mvua ilichelewesha ujenzi, ilhali "hardly" inasema mvua karibu haikuiathiri kazi kabisa, na jibu ni FALSE.

La tatu ni mambo yaliyokusudiwa. Kifungu kikisema kampuni ilipanga, "planned", kufungua kiwanda cha pili, na kauli ikasema kiwanda cha pili kilifunguliwa, jibu ni NOT GIVEN. Mpango uliotajwa hauthibitishi utekelezaji wala haukanushi.

SWALI: Nikiacha swali wazi na nikikosea, kipi kina hasara zaidi? Na je, ni lazima kila kundi la maswali liwe na angalau NOT GIVEN moja? – Msomaji, Arusha

JIBU: Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo usiache nafasi wazi hata moja. Kuhusu hesabu ya majibu, katika mazoezi mengi utakuta yote matatu yamo, lakini usijenge uamuzi juu ya hilo. Mtu anayebadilisha jibu sahihi kwa sababu "FALSE zimezidi" anapambana na mtungaji wa mtihani badala ya kusoma kifungu. Hesabu itumie mahali pamoja tu: kama umeandika NOT GIVEN kwa kauli karibu zote, rudi ukaangalie kama hujaanza kuitumia kama kabati la kila kisichoeleweka.

Wanaofanya mtihani wa karatasi wanishukuru baadaye kwa hili: andika neno zima badala ya herufi moja. T na F za mtu mwenye haraka hufanana, na msahihishaji halazimiki kukisia. Wanaofanya kwenye kompyuta huchagua tu jibu, hawana shida hiyo.

SWALI: Mimi hufundisha kikundi kidogo cha watu wazima wanaojiandaa kwa General Training, yaani IELTS ya wanaotaka kwenda kufanya kazi au kuhamia ng'ambo. Kiingereza chao ni cha wastani. Nianzie wapi na aina hii ya swali? – Mwalimu, Kilifi

JIBU: Mwalimu mwenzangu, anza kwa Kiswahili. Najua itaonekana kinyume, lakini wanafunzi wako wana matatizo mawili yaliyofungwa pamoja, lugha na hoja, na huwezi kuyatibu yote kwa dawa moja. Chukua habari fupi ya gazeti la siku hiyo, ya ajali, bei ya unga au matokeo ya mechi, na uwape kauli sita za Kiswahili. Utashangaa: wazungumzaji wazawa wa Kiswahili watachanganya FALSE na NOT GIVEN kwa kiwango kile kile walichokuwa wakichanganya kwa Kiingereza, na wao wenyewe watagundua kwamba si msamiati uliokuwa ukiwaangusha.

Hatua ya pili ni kuwafanya watunge. Kila mmoja aandike kauli mbili za kila aina kutokana na habari ile ile na ampe jirani. TRUE na FALSE watazitunga kwa dakika chache. NOT GIVEN itawatoa jasho, kwa sababu mwanzoni watatunga kauli zisizohusiana kabisa na habari, na jirani atazikamata papo hapo. Waambie watumie nomino zilizomo tu, bila kuongeza hata moja. Kama habari inasema daladala iligonga mti na kwamba mvua ilikuwa ikinyesha, NOT GIVEN nzuri ni kwamba daladala iligonga mti kwa sababu ya mvua. Akishatunga kauli kama hiyo kwa mkono wake, mwanafunzi ataitambua atakapotungiwa na wengine.

Hatua ya tatu ni kudai uthibitisho. Pasiwe na jibu lisilo na maandishi pembeni. Kwa TRUE na FALSE, mwanafunzi apige mstari chini ya maneno ya kifungu yanayomlazimisha. Kwa NOT GIVEN hakuna cha kupigia mstari, kwa hiyo aandike sentensi moja inayosema kifungu kingepaswa kusema nini ili kauli iwe TRUE. Kwa ile kauli ya nne ya mkonge ataandika: "Kingepaswa kutaja kilichoviua vichipukizi." Asiyeweza kuandika sentensi hiyo bado anabahatisha, hata kama amepata jibu.

Ndipo uwahamishie kwenye Kiingereza, ukianza na vifungu vifupi vya sehemu ya kwanza ya General Training, yaani matangazo, vipeperushi na ratiba, ambavyo vina sentensi nyepesi lakini mitego ile ile ya "only" na "at least". Chagua mazoezi yaliyochapishwa na wenye mtihani wenyewe, kwani mengi yanayotungwa na watu binafsi yana NOT GIVEN zinazobishaniwa hata na walimu, na mwanafunzi dhaifu akikutana na jibu baya katika kitabu hujifunza hoja mbaya. Waambie pia mapema kwamba General ina kipimo chake: majibu 30 sahihi, ambayo katika Academic huleta 7, huku huleta takriban 6, na kwa 7 wanahitaji yapatayo 34.

Wanafunzi wawili wakibishana kuhusu jibu, usiwaamulie. Kila mmoja asome kwa sauti mstari anaoutegemea, na kikundi kiulizwe kama mstari huo unalazimisha, unagongana au umenyamaza. Kama baada ya hapo ubishi bado upo, na kauli hiyo ilitungwa darasani, ifute ubaoni na mtunge nyingine.